Wakichoronga gesi jirani, kisima chetu cha maji kitakuwa salama?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mtwara vijijini. Kijiji chetu kinategemea kisima kirefu kimoja cha pampu na visima vya kienyeji vilivyoko bondeni. Vijana wamesambaza video ya Marekani, mtu anawasha kibiriti kwenye bomba la jikoni na maji yanashika moto. Wanasema hayo ndiyo matokeo ya kupasua miamba ili kupata gesi, na kwamba mitambo iliyofika eneo letu itatufanyia vivyo hivyo. Mwenyekiti wa kijiji anasema huo ni uzushi wa watu wasiopenda maendeleo. Wanafunzi wameniuliza nikakosa la kuwaambia. Je, gesi yetu inatolewa kwa kupasua miamba? Maji yetu yako hatarini? Na kama yako hatarini, tufanye nini mapema?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Swali lako la kwanza lina jibu fupi, kwa hiyo tulimalize. Gesi inayotoka Songo Songo kule Kilwa na Mnazi Bay hapa Mtwara haikupatikana kwa kupasua miamba. Imekaa ndani ya jiwe la mchanga, karibu kilomita mbili chini, na jiwe hilo lina vitundu vilivyoungana. Gesi iliyobanwa humo ikipata njia hupanda yenyewe. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, zote na kampuni ya Agip ya Italia. Ntorya, ambayo iko nchi kavu na ambayo gesi yake imepangwa kupelekwa kwa bomba hadi mtambo wa kusafishia wa Madimba, ni ya juzijuzi. Kisima cha kwanza ni cha 2012, cha pili cha 2017, na hicho cha pili kilipojaribiwa kilitoa gesi ya futi za ujazo zipatazo milioni 17 kwa siku. Mwamba uliobana, usio na vitundu vilivyoungana, hautoi kiasi hicho kwa kufunguliwa tu. Hata gesi ya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara, ile inayosubiri mradi wa kiwanda cha gesi kimiminika cha Likong'o, nayo imo kwenye mawe ya mchanga.

Kwa hiyo vijana wako wamekosea kuhusu njia. Lakini usiende kumpongeza mwenyekiti bado, maana kuhusu maji wana hoja ambayo haimalizwi kwa kuwaambia kwamba sisi hatupasui miamba.

Ili wanafunzi waelewe Wamarekani wanabishania nini, fanya jaribio moja darasani. Mwagia maji kwenye mchanga wa Msimbati, kisha mwagia kwenye kigae cha chungu kilichochomwa vizuri. Kwenye mchanga yanazama papo hapo. Kwenye kigae yanatuama juu na kunywewa polepole mno. Gesi nyingi ya Marekani imo ndani ya mwamba wa aina ya hicho kigae, tope la kale lililogandamana likawa jiwe. Gesi imo, tena tele, lakini haitembei. Ndiyo maana wakatafuta namna ya kuupasua mwamba wenyewe.

Jaribio la kwanza lilifanyika Hugoton, Kansas, mwaka 1947, na biashara ikaanza mwaka 1949. Kwa miongo mitano ilikuwa kazi ya kuamsha visima vilivyochoka. Kilichobadilisha mambo ni Texas, kwenye mwamba uitwao Barnett, ambako kampuni ya George Mitchell mwishoni mwa miaka ya 1990 iliacha jeli nzito na za gharama ikatumia maji mengi yaliyotiwa dawa kidogo tu ya kuyafanya yateleze. Baada ya 2000 wakaunganisha njia hiyo na uchorongaji wa kulala. Kisima kinashuka wima kilomita mbili au tatu, kinapinda, kisha kinakwenda mlalo ndani ya mwamba kwa kilomita moja, mbili au zaidi. Bomba lililolala linatobolewa matundu sehemu baada ya sehemu, maji yanasukumwa kwa shinikizo kubwa mpaka jiwe linapasuka, na mchanga uliochanganywa kwenye maji unaingia kwenye nyufa kuzizuia zisijifunge. Kwa kawaida asilimia 90 ya mchanganyiko huo ni maji, mchanga ni kama asilimia 9 na nusu, na iliyobaki, nusu asilimia, ni kemikali: tindikali ya kusafisha matundu, dawa ya kuua bakteria, kilainishi, wakati mwingine unga wa mbegu za guar, ule ule unaotiwa kwenye aiskrimu. Nusu asilimia inasikika ndogo. Lakini nusu asilimia ya lita milioni 15 ni lita 75,000, na miongoni mwa dawa hizo zimo ambazo usingetaka zikaribie ndoo ya mtoto.

Sasa twende kwenye ile video. Moto ule ni wa kweli, haukutengenezwa kwa kompyuta. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikiyeyuka kwenye maji ya kisima, hutoka pale maji yanapofunguliwa bombani na inashika moto. Swali ni imetoka wapi. Tume ya mafuta na gesi ya jimbo la Colorado ilichunguza visima vya maji vilivyolalamikiwa huko, na baadhi ikakuta gesi yake imezalishwa na vijidudu kwenye matabaka ya juu yenye makaa, haina uhusiano na uchimbaji. Kisima kingine kikakutwa na mchanganyiko, gesi ya vijidudu pamoja na gesi ya kina kirefu. Maabara inaweza kuzitofautisha kwa kupima aina za atomi za kaboni zilizomo. Kwa hiyo mtu anayesema kila bomba linalowaka ni kazi ya wachimbaji anakosea, na anayesema hakuna hata moja lililoharibiwa na wachimbaji anakosea vile vile.

Mfano unaostahili kufundishwa darasani ni wa Dimock, kijiji cha Pennsylvania. Siku ya mwaka mpya 2009 kisima cha maji cha familia moja kililipuka. Wakaguzi wa jimbo walipofuatilia wakasema methani imepanda kutoka kwenye visima vya gesi ambavyo havikujengwa wala kuzibwa inavyopasa, na mwaka 2010 kampuni ikazuiwa kuchoronga visima vipya eneo hilo. Kesi ilivutana mpaka Novemba 2022, kampuni ilipoacha kupinga mashtaka mahakamani na kukubali kugharimia bomba la maji ya umma, zaidi ya dola milioni 16. Hesabu hiyo miaka, Mwalimu. Mtoto aliyezaliwa mwaka kisima kilipolipuka alikuwa ameshafika sekondari.

Na angalia kilichoharibika pale. Nyufa za kilomita mbili chini hazikupanda mpaka kwenye maji ya kunywa. Wanajiolojia wamezipima nyufa za maelfu ya visima kwa kusikiliza mitetemo midogo, na ile iliyopanda juu kuliko zote zilizopimwa haikufika mita 600. Visima vya maji vina mita 30, 80, labda 150. Katikati kuna zaidi ya kilomita nzima ya mwamba. Gesi ya Dimock ilipanda kupitia njia fupi zaidi, pembeni mwa kisima chenyewe.

Hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo pa kwetu pia. Kisima cha gesi, kiwe cha kupasua au cha kawaida, lazima kitoboe matabaka ya maji ya kunywa kabla ya kufika kwenye gesi. Hakuna namna ya kuyakwepa. Wachorongaji wanaanza na tundu pana, wanapita matabaka ya maji matamu, wanashusha kesingi, yaani bomba pana la chuma la kushikilia ukuta wa tundu, kisha wanasukuma saruji ya majimaji kupitia ndani ya kesingi, inatokea chini na kupanda nje yake, kati ya chuma na ukuta wa tundu, mpaka inajitokeza juu ya ardhi. Wanaisubiri ikauke. Halafu wanachoronga tundu jembamba zaidi kupitia humo, kesingi nyingine, saruji nyingine, na tena. Mwisho kuna chuma ndani ya chuma ndani ya chuma, na saruji katikati. Ile kesingi ya kwanza pamoja na saruji yake ndiyo inayolinda maji yenu. Kama saruji ilichanganywa vibaya, kama kesingi haikukaa katikati ya tundu ikaegemea upande mmoja, kama saruji ilipungua kabla ya kufika juu, unabaki mfereji mwembamba wa wima. Gesi haihitaji zaidi ya huo.

Nimeyaona haya kwenye visima vya maji tu, bila gesi yoyote. Kisima kimoja cha kijiji cha ukanda wetu wa pwani kilichorongwa kupita tabaka la juu lenye maji ya chumvi ili kufikia maji matamu chini yake. Mchorongaji aliziba juu kwa saruji ndoo chache, akaacha sehemu iliyobaki na changarawe. Mwaka wa kwanza maji yalikuwa mazuri. Kisha akina mama wakaanza kusema chai ina ladha nyingine. Tulipoteremsha kipimo ndani ya kisima, chumvi ilikuwa inashuka kando ya bomba kutoka tabaka la juu kwenda la chini, mchana na usiku, na kijiji kikapoteza kisima. Kisima kile kilikuwa hakijafika hata mita 100 na hakikuwa na shinikizo lolote. Basi fikiria kisima cha kilomita mbili chenye gesi inayotafuta pa kutokea.

Na muda nao unakula chuma. Visima vya mwanzo vya Songo Songo ni vya miaka ya 1970 na 1980, na baadhi vilibidi visimamishwe mpaka vilipofanyiwa matengenezo mwaka 2015 kwa sababu ya kutu kwenye mabomba yake ya ndani. Kutu iligunduliwa, visima vikasimamishwa, vikatengenezwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ila vilionekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakipima. Kwa hiyo mkikutana na wahusika, msiulize tu kisima kitajengwaje. Ulizeni atakayekikagua miaka 20 ijayo ni nani, na kikiisha gesi nani atakiziba na kwa fedha za nani.

Hatari ya pili ni maji yanayorudi. Kisima cha kupasuliwa hurudisha sehemu ya maji yaliyosukumwa, yakiwa yamebeba kemikali pamoja na chumvi ya kina. Kwenye mwamba wa Marcellus, Pennsylvania, maji hayo huwa na chumvi mara kadhaa ya bahari, na madini yenye mionzi kama radiamu. Kisima cha kawaida nacho hutoa maji ya kina, hasa kinapozeeka, na uchorongaji wenyewe huacha tope lililotiwa dawa pamoja na vipande vya mwamba. Vyote hivyo lazima viende mahali. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipotoa ripoti yake kubwa Desemba 2016, lilisema shughuli hizi zinaweza kuharibu maji ya kunywa katika mazingira fulani, likayataja: kuchota maji pasipo na maji ya kutosha, kumwagika kwa kemikali juu ya ardhi, kusukuma mchanganyiko kwenye kisima kibovu au moja kwa moja kwenye tabaka la maji, kutupa maji yasiyosafishwa vya kutosha mitoni, na kuyahifadhi kwenye mashimo yasiyotandikwa. Mengi kati ya hayo hutokea juu ya ardhi au mita chache tu chini yake, kwenye lori, bwawa, bomba au vali. Ardhi yetu ya kichanga, hii hii inayopendwa na mikorosho, inanywa upesi. Kilichomwagika leo juu hakina safari ndefu kufikia kisima cha kienyeji cha bondeni.

Kuhusu matetemeko, ambayo hukuyauliza lakini vijana watayafikia tu. Oklahoma ilikuwa ikipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka yanayofikia kipimo cha 3. Mwaka 2015 ilipata karibu 900. Kubwa kuliko yote, la 5.8, lilipiga Pawnee Septemba 2016. Sehemu kubwa ilisababishwa na kuyarudisha maji machafu ardhini kwa wingi mno, yakaamsha mipasuko ya zamani ya chini. Upasuaji wa miamba wenyewe ulikuwa na sehemu ndogo. Uingereza ilikuwa kinyume chake. Kule Preston New Road, Lancashire, tetemeko la 2.9 mwezi Agosti 2019 lilitokana na upasuaji, na Novemba mwaka huo serikali ikausimamisha. Septemba 2022 serikali mpya iliufungulia, na mwezi uliofuata, waziri mkuu alipobadilika, ukafungwa tena.

Ufaransa iliupiga marufuku upasuaji wa miamba mwaka 2011. Jimbo la New York likafanya hivyo mwishoni mwa 2014, huku Pennsylvania, jirani yake mwenye mwamba ule ule, ikiendelea. Barani kwetu, wakazi wa In Salah, mji wa jangwani Algeria, waliandamana mwanzoni mwa 2015 wakitetea maji yao ya chini ya ardhi. Afrika Kusini imebishana kuhusu Karoo tangu 2011, na hoja kubwa ya wafugaji wa kule ni moja: eneo kame likipoteza maji yake litabaki na nini?

Wanaounga mkono nao si wajinga, na wanafunzi wako wanapaswa kuzisikia hoja zao zikiwa na nguvu zake. Gesi hiyo iliiondoa Marekani kwenye kuagiza ikaifanya muuzaji. Umeme wa makaa ya mawe, uliokuwa nusu ya umeme wote mwaka 2005, ulishuka hadi karibu moja ya tano ndani ya miaka 15, na gesi ya bei rahisi ndiyo iliyousukuma nje zaidi ya kitu kingine. Gesi ikiungua hutoa kama nusu ya hewa ukaa ya makaa kwa umeme ule ule. Wanaopinga hujibu kwamba methani ikivuja bila kuungua hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 20, kwa hiyo uvujaji kidogo tu hula faida yote. Mimi naona wote wawili wako sahihi, na tofauti inaamuliwa na ubora wa vali na mabomba. Na hatuwezi kuizungumzia gesi kana kwamba ni ya wengine. Songo Songo imekuwa ikiwasha Dar es Salaam tangu 2004, na kwa miaka mingi gesi ya Lindi na Mtwara imezalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii.

Kwa hiyo mwenyekiti wako ana haki ya kutaka gesi itolewe. Hana haki ya kumwita mzushi mtu anayeuliza habari za maji. Mwaka 2013 mkoa huu ulipita kwenye moto, Januari na tena Mei, watu wakapoteza maisha kwa sababu ya bomba la kwenda Dar es Salaam, na sehemu ya kilichowasha ule moto ni wananchi kuuliza na kutojibiwa. Bomba lilijengwa, likazinduliwa 2015. Hatuna sababu ya kurudi kule, wala hatuna sababu ya kunyamaza.

Suala la wingi wa maji nitaligusa haraka. Kupasua kisima kimoja cha kulala hutumia mamilioni ya lita. Tuchukue milioni 15, ambayo si kubwa kwa viwango vya Marekani. Ni ndoo 750,000. Kwa kiwango cha sera yetu ya maji ya mwaka 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, kijiji cha watu 3,000 kingekunywa hayo kwa siku 200. Uwanda wa Makonde watu bado wanavuna maji ya paa na kuyatunza kwenye visima vya saruji, na mradi mzima wa Makonde unayapandisha maji kwa pampu kutoka visima vya Mitema. Kama siku moja mtu atakuja na pendekezo la kupasua miamba kusini hii, mimi nitapinga kwa sababu hiyo pekee, kabla hata hatujafika kwenye kemikali. Kwa kisima cha kawaida sina pingamizi la namna hiyo. Nina masharti.

Sharti la kwanza liko mikononi mwenu, hamhitaji kibali cha mtu. Pimeni maji yenu kabla. Hili ndilo ninalotaka ulibebe kutoka kwenye jibu hili refu. Dimock walibishana miaka na miaka kwa sababu, pamoja na mengine, visima vingi vya watu havikuwa na vipimo vya kabla ya uchorongaji. Familia inasema maji yalikuwa safi, kampuni inasema methani ilikuwemo tangu enzi, na hakuna karatasi. Pennsylvania ilijifunza. Sheria yake ya 2012 inasema kisima cha maji kikiharibika ndani ya mita kama 760 kutoka kisima cha gesi cha kupasuliwa, na ndani ya miezi 12 tangu kazi ya kisima hicho ikamilike, inachukuliwa kwamba mchimbaji ndiye aliyeharibu mpaka athibitishe vinginevyo, na mojawapo ya njia zake za kuthibitisha ni kuonyesha vipimo alivyochukua kabla hajaanza. Matokeo yake kampuni zenyewe zinapita nyumba kwa nyumba zikiomba kupima visima. Huku kwetu msisubiri mtu apite. Tena kwetu ni lazima zaidi, kwa sababu visima vyetu vya pwani vingi vina chumvichumvi ya asili, na bila kipimo cha zamani hakuna atakayejua chumvi ya leo ni ya Mungu au ya binadamu.

Namna ya kuchukua sampuli ni hii, na inaweza kuwa kazi nzuri ya klabu ya sayansi. Maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima hayasemi ukweli wa tabaka. Pigeni pampu mpaka yatoke kiasi cha mara tatu ya ujazo wa kisima. Kama mna kipimo kidogo cha mkononi cha upitishaji umeme, kichovyeni kwenye ndoo kila baada ya dakika tano, na namba ikitulia bila kupanda wala kushuka, hapo ndipo mchukue. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji yale yale, isipokuwa zile ambazo maabara imeziwekea dawa ndani. Chupa ya methani ina utaratibu wake: izamisheni ndani ya ndoo iliyojaa, mpira wa pampu ukiwa umeingia mpaka chini ya chupa, maji yafurike kwa muda, kisha ifungwe ikiwa bado imezama. Igeuzeni mkiangalia kwenye mwanga. Mkiona povu moja la hewa, mwageni mrudie, kwa sababu gesi inakimbilia kwenye hilo povu na kipimo kinadanganya. Andikeni juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika jina la kisima, tarehe, saa na aliyechukua. Kasha la barafu, na safari siku hiyo hiyo.

Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zinapima mengi ya msingi. Ombeni jumla ya chumvi, kloridi, sodiamu na hali ya tindikali. Hayo ni nafuu, na kloridi ndiyo huwahi kupiga kengele maji ya kina yanapopenya. Fedha ikipatikana ongezeni bariamu, strontiamu na bromidi, ambazo ni alama za maji ya kina kirefu, kisha benzini na methani. Za mwisho hizo si kila maabara inazifanya, na huenda chupa zikalazimika kusafiri mbali, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kufunga safari. Pia pimeni kina cha maji ndani ya kisima kwa kamba yenye uzito. Ni bure, na ndicho kipimo kitakachowaambia kama kuna mtu anachota kuliko tabaka linavyoweza. Fanyeni mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, na tena mvua zikishakatika, Mei. Chumvi ya kiangazi na ya masika hazilingani, na mkiwa na moja tu mtaonekana mmechagua iliyowafaa.

Ofisa wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, awepo wakati wa kuchukua sampuli, au wa Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Mtwara. Kampuni ialikwe nayo. Karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili siku ambayo hakuna mgogoro ina nguvu kuliko wakili siku ya mgogoro. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine shuleni kwako.

Kisha mkutano wa tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe, na chombo cha taifa cha mazingira (NEMC) ndicho kinachosimamia tathmini hizo. PURA ndiyo mdhibiti wa utafutaji na uchimbaji wenyewe. Wataalamu watakuja na makabrasha, na muda wa maswali utakuwa mfupi, kwa hiyo msigawanyike kwenye ajira za walinzi na rangi ya darasa litakalojengwa, ingawa nayo yana siku yake. Ulizeni kesingi ya kwanza itashuka mita ngapi, na je, inapita chini ya tabaka la maji la ndani kabisa mnalotumia. Saruji itapimwaje, na matokeo yatasomwa na nani. Tope na maji ya kina yatakwenda wapi, kwa lori la nani, na bwawa litatandikwa nini. Kibali cha kutumia maji ni cha chanzo kipi na lita ngapi. Na ulizeni waziwazi kama kuna mpango wa kupasua mwamba, sasa au baadaye kisima kikichoka, kwa maana hata visima vya mawe ya mchanga huweza kupasuliwa vinapopunguza kasi. Jibu liingizwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa maandishi. Mtendaji wa kijiji akiandika "wananchi waliuliza maswali na kujibiwa", mrudishieni aandike maswali na majibu yenyewe.

Kwenye kupima, kisima chenu cha pampu kianze, halafu visima viwili vya bondeni vilivyo karibu zaidi na eneo la mtambo, na kimoja cha mbali, upande ambao maji ya ardhini hayaelekei kutoka mtamboni, ili mpate cha kulinganisha. Majibu yakitoka nitumie nakala nitayasoma pamoja nawe. Usisahau kuandika kina cha kila kisima na mita ambazo chujio lake, ile sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji, limewekwa. Kama kumbukumbu za mchorongaji zimepotea, anza kuzitafuta RUWASA wiki hii, kwa sababu bila hizo mita siwezi kukuambia kloridi hiyo imetoka juu au chini.